Samaki wa Mashudu

Baba yangu alikubali niolewe Walikale kwa sharti moja: nisimtengee samaki hata siku moja. Kwetu Masisi, nyumbani kwa wafuga ng'ombe, aliyekula samaki hakugusa maziwa siku hiyo, maana iliaminika ng'ombe angekauka. Mimi samaki nilimla tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, tena kwa ulafi, na habari hiyo sikuwahi kumpelekea.

Mume wangu alikuwa na mabwawa mawili, aliyoyachimba siku zile agronomu, bwana shamba wa serikali, alipokuwa akipita kuhimiza watu wafuge samaki. La juu lilipakana na shamba la muhogo, tukalirushia sombe, yaani majani ya muhogo, na mchwa. La chini lilikuwa karibu na mahali pa kukamulia mawese, nami nikalimwagia mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishatoka. Mume wangu alisema nachezea samaki wake. Nikamjibu kwamba binti wa mfugaji hafundishwi kulisha. Basi, wa chini wakanenepa hadi matumbo yakajaa mafuta, wa juu wakabaki wakavu.

Mwaka wa tatu baba alikuja kunitazama. Alitembea siku kadhaa, na kibuyu cha maziwa ya mgando begani, akakitundika mbali na meko yangu. Siku mbili nzima alikula ndizi za kuchoma tu, akidai ameshiba. Chungu changu hakukigusa. Iliniuma sana, kwa sababu niliona kama bado hajafika kwangu.

Asubuhi ya tatu nilichemsha samaki wa kila bwawa peke yao, nikaviweka vibakuli viwili vya mchuzi katika maji baridi ya kijito, kama tulivyopoza siagi nyumbani. Kisha nikamwita aje aone. Mafuta ya samaki wa sombe yalikuwa machache, bado yanaelea majimaji. Ya samaki wa mashudu yalikuwa yameganda utando mnene wa njano.

Baba akainama, akaubonyeza kwa kidole.

"Mama," akaniita, "hii inakulaka nini?"

Nikamweleza habari ya mashudu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha utotoni kwamba siagi ya wakati wa jua huwa ngumu na nyeupe, na ya wakati wa mvua, ng'ombe wakipata majani mabichi, huwa laini na ya njano. Akalamba kidole.

"Inafanana na manteka," akasema, kwa maana ya siagi, akaketi, akaomba bugali.

Alimaliza samaki mzima, akanawa, akakitungua kibuyu chake na kunimiminia kikombe. Nikakiri kwake kwamba mimi samaki nakula tangu zamani, na hata leo nimeonja.

"Najua. Nyumba yote inanuka samaki," akasema. "Kunywa. Ngombe iko Masisi, haitatuona."

Nikanywa huku nalia. Kisha akapokea kikombe, akanywa na yeye.