Mwezi Uliorudiwa

Baba alifariki katika mwezi wa Vaishakh, siku ya sita baada ya mwezi mpevu. Sisi Wahindu wa Tabora hatukuwakumbuka marehemu wetu kwa tarehe ya kalenda ya ukutani. Siku ileile ya mwandamo ilipozunguka, mtoto wa kiume alimtolea baba yake chakula, na mama aliamini kabisa kwamba siku ikikosewa, marehemu anabaki na njaa.

Mwaka wa kwanza kuhani wa hekaluni alitutajia siku. Mwaka wa pili nyumba za kupangisha zilikwisha kuwa mali ya umma, kuhani akaondoka pamoja na nusu ya mtaa, na panchang, kitabu cha kuhesabia siku kilichokuwa kikitoka India, hakikutufikia.

"Mwandikie mjomba wako Mwanza," mama akaniambia. "Yeye anacho."

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na kiburi kimenijaa. Sikuandika. Nilikulia mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora, nikicheza na watoto wa Kiislamu, ambao mwaka wao ni miandamo kumi na miwili, basi. Nikahesabu kumi na miwili, nikamwambia mama kwamba mjomba amejibu. Akapika wali wa maziwa huku akilia, nikautoa, nikarudi kusahihisha madaftari.

Miezi miwili baadaye mjomba alipitia kwetu akielekea Dar, anahamia India. Mama akamwomba panchang yake, nimsomee tu. Nikasoma. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili mitatu mwezi mmoja hurudiwa. Safari hiyo Vaishakh ndiyo iliyorudiwa. Ile ya kwanza ilikuwa ya nyongeza, na marehemu hatolewi chakula ndani yake. Ya kweli ilikuwa imekwisha kupita.

Mama akamgeukia ndugu yake. "Kaka, mbona ulituandikia siku isiyo yake?"

Mjomba akanitazama. Nadhani uso wangu ulimweleza yote.

"Nilikosea kusoma, dada," akasema. "Nisamehe."

Mama hakumsamehe. Hakumsindikiza stesheni. Barua zake kutoka India alizikataa, hakutaka hata nimsomee. Nilikuwa naziweka kabatini zikiwa zimefungwa, na kila mara nilijiambia nitasema kesho. Aliugua miaka minne, akafa akimlaumu kaka yake, nami nimeketi kando ya kitanda nimemshika mkono.