Mikono ya Kushoto Kwenye Shaba

Hermeros alichonga mihuri ya sarafu kwa miaka ishirini na miwili katika karakana ya kilimani, Roma, na muda wote huo alikuwa mtumwa. Mkewe, Trifosa, alikwisha kuachwa huru na alikuwa akiuza dengu za kuchemsha katika mtaa wa Subura. Alipotawazwa mfalme mpya, msimamizi Novelio alitoa ahadi: sarafu za shaba zikifika kambini kabla askari hawajala kiapo, Hermeros ataachwa huru kesho yake.

Picha iliyoagizwa ilikuwa mikono miwili ya kuume iliyoshikana, wa mfalme na wa jeshi lake. Mchongaji huchonga kinyume, kwa kuwa cha kulia kwenye muhuri hutokea kushoto kwenye sarafu. Lakini macho ya Hermeros yalikuwa yamekwisha, naye alikuwa akichonga kwa kupapasa. Safari hii alipapasa mkono wake mwenyewe wa kuume, akauchonga vilevile ulivyo.

Kerdo, mpiga nyundo, ndiye aliyeiona sarafu ya kwanza.

"We mzee! Umewapa mkono wa kushoto, mkono wa mwizi."

Hermeros aliipapasa ingali moto. Muhuri mwingine ungechukua siku nne. Kiapo kilikuwa keshokutwa.

"Piga."

"Nipige nini? Askari hao wakijikwaa kizingitini tu wanasema ni mkosi, wanarudi kulala."

"Nani anaikagua shaba? Watanywea divai. Piga, mwanangu, nakuomba."

"Wakikusulubu usinitaje," Kerdo alisema, akainua nyundo.

Sarafu elfu sita ziliteremshwa kwa gari la nyumbu. Askari wa kwanza kupokea zake alizigeuza, akamwonyesha mwenzake. Hadi alasiri vikosi viwili vilikuwa vimegoma kuapa. "Mfalme katupatia mkono wa kushoto," walisema, wakazitupa sarafu matopeni.

Novelio alipanda kilima na walinzi wawili. Hakupaza sauti.

"Ungeniambia ningeomba siku nne. Wangenipa."

"Ungeniuliza imekuwaje nikakosea, bwana."

"Ningekuuliza."

"Ningekwambia sioni. Sasa mchongaji kipofu unamwacha huru, au unamuuza?"

Novelio aliwaashiria walinzi.

Asubuhi iliyofuata Trifosa alikuja kumchukua mumewe.

"Yuko njiani kwenda machimbo ya Sardinia," mlinzi wa lango alimwambia. "Nenda nyumbani, mama. Kule harudi mtu."

Trifosa alikaa ngazini mpaka wapiga nyundo walipotoka kazini, akamuuliza kila mmoja kilichompata mumewe. Kerdo alipita upande wa pili wa barabara.