Mapepo ya Kijapani Sebuleni Springfield

Mwaka niliokaa kwa mama mdogo ughaibuni, Springfield, nilikuwa na dhambi moja tu inayoshikika kwa mkono: filamu ya katuni ya Kijapani, ya kutisha, mapepo mwanzo mwisho. Niliazimwa na wenzangu wa chuo kule College Park, walioizungumzia kwa heshima ambayo kwetu hupewa maaskofu. Nikaiacha juu ya deki sebuleni, kwa akili zangu zote timamu.

Mama mdogo alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza ziliharibika, na daktari hakuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba hutokea. Kikundi chake cha maombi kilikuwa na majibu mengi zaidi. Walipokuja Jumamosi mchana, mama mmoja Mkongo, mtunza wazee huko Falls Church, aliliona boksi la filamu akaliinua kwa ncha za vidole.

"Mama, njo hii inakulaka batoto yako," alisema.

Nilieleza kwamba filamu haiwezi kula watoto wa kabla yake: ililetwa wiki iliyopita, na mimba ziliharibika mwaka juzi na mwaka jana. Nikaambiwa mapepo hayana kalenda.

Kiongozi wao, Mkenya mtaalamu wa kompyuta, akaamua kwamba huwezi kukemea usichokijua. "Tuiplay kwanza, tujue tunadeal na nini." Basi watu wazima tisa, waliofunga tangu asubuhi, wakajipanga kwenye makochi kutazama katuni.

Kila pepo lilikemewa papo hapo. Lenye mikono mingi kuliko kazi lilikemewa kwa Kiswahili. Lenye jicho tumboni likaongezewa Kifaransa, nadhani kwa usalama. Rimoti nilikuwa nayo mimi. "Hebu rudisha kidogo, siz," kiongozi aliniambia, "hilo la green tumeliskip." Nikarudisha. Filamu ya saa moja na nusu ikatuchukua karibu saa tatu, na sijawahi kuona watazamaji waaminifu kama wale. Wenzangu wa chuo, kwa heshima yao yote, walikuwa wamesinzia katikati. Mama Mkongo aliuliza hata kama kuna sehemu ya pili, tusije tukaacha kazi nusu.

Mama mdogo peke yake hakukemea kitu. Alikaa mkono tumboni, akimtazama anayeomba, kisha anayefuata.

Diski ikavunjwa kwa nyundo juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Wakaimba, wakafungua kwa pilau, wakaondoka kila mmoja na sahani yake iliyofunikwa foili kwenda kupambana na foleni ya magari ya barabara ya Beltway, pepo ambalo hakuna aliyethubutu kulikemea.

Nilibaki na mama mdogo jikoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima: ujinga gani huu, watu wazima na kazi zao, na wenye filamu yao nitawaambia nini. Nilikuwa na hasira kweli. Yeye alikuwa akifagia vipande vya diski, akiinama taratibu, vile vidogo akiviokota kwa kidole alichokilowesha.

"Mwanangu," alisema bila kuniangalia, "sasa hii ya tatu si itakaa?"

Nikampokea ufagio.

"Itakaa, mama mdogo," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatamani yawe ni mapepo kweli yaliyozila zile mbili.