Hatua za Jemedari

Ukimwona kwa nyuma, Jemedari ni mwanamume. Mabega yamejaa, kiuno kimeshuka moja kwa moja bila kujipinda popote, na hatua zake ni za mtu aliyeitwa kuamua ugomvi. Ukimwona kwa mbele ni mwanamke, tena mwenye uso wa upole na kicheko cha karibu. Tatizo ni kwamba watu wengi humwona kwanza kwa nyuma, kwa sababu yeye hutangulia.

Kazi yake ni kutengeneza milango, na mlango ukimalizika hauendi wenyewe kwa mwenyewe. Jemedari huupandisha begani akakata nao mitaa. Mabega kayapata kwenye mbao, miguu mirefu kairithi kwa baba yake, na jina alipewa na mafundi wenzake siku ya kwanza alipoingia karakana. Mlinzi wa choo cha sokoni alishawahi kumwelekeza upande wa wanaume, kisha Jemedari alipogeuka, maskini mlinzi akatamani ardhi ipasuke immeze. "Usijali," Jemedari alimwambia. "Hata mimi nikijiona kwenye kioo cha duka huwa najipisha."

Wala Kiswahili hakimsaidii. Ukisema fundi amekuja, kaweka mlango, kaondoka, nani atajua kama ni mwanamke au mwanamume?

Aliyecheka naye sana juu ya hayo alikuwa mchumba wake, fundi cherehani mwembamba wa kiuno na mlaini wa mwendo, aliyekaa ghorofa ya pili kwenye jengo ambalo Jemedari alikuwa akibadilisha milango. Huyo ndiye aliyempa habari kwamba mama yake anakuja Jumamosi kumwona mkwe.

Jemedari aliogopa. Watu husahau kwamba anayecheka pia huumia. Mchumba wake wa kwanza alimpeleka kwao, na dada mtu alipomwona akikatiza uani akauliza kama wanaletewa wifi au mlinzi. Uchumba ukafia pale pale. Safari hii alikuwa amependa kwelikweli, na hakutaka mabega yamkoseshe tena mume.

Akaenda kwa shangazi yake, mwanamke ambaye hata akienda kumwaga taka hutembea kama anayetazamwa. Somo likafanyika kwenye korido.

"Fupisha hatua," shangazi akasema. "Unakwenda kumsalimia mkwe, hukimbizi mwizi."

"Shangazi, kwa hatua hizi nitafika lini?"

"Kufika si hoja. Na hiyo mikono iache itulie. Nyonga ziko wapi?"

"Sina, shangazi."

"Basi jifanye unazo."

Jumamosi asubuhi alikuwa na mlango mmoja wa kumalizia, ghorofa ya tatu ya jengo lile lile. Mkwe alitarajiwa jioni. Jemedari akaanza kupanda ngazi, mlango umemfunika kuanzia kichwani hadi magotini, skrubu kazibana kwa midomo. Nyuma yake akasikia mtu akihema.

"Kijana wangu," sauti ya mama mtu mzima ikasema, "nishikie na huu mkoba, magoti yamegoma."

Mwenye skrubu mdomoni hana maelezo. "Mm," Jemedari akaitikia, akarudisha mkono nyuma na kuupokea mkoba.

"Ahsante. Mungu akujalie mke mwema."

"Mm."

"Niwekee pale mlango wa kushoto, ndio kwa mwanangu. Nimewahi basi la alfajiri, hata hajui kama nimefika."

Ghorofa ya pili, mlango wa kushoto: kwa fundi cherehani. Jemedari akajua huyu ndiye mkwe. Akautua mkoba, akaruka ngazi mbili mbili hadi juu, uso bado umejificha nyuma ya mlango.

Jioni alikuja na gauni aliloshonewa na mchumba wake na mwendo alioshonewa na shangazi. Akaamkia, "Shikamoo, mama," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaanza kuelekea kwenye kiti. Chumba kile kilitosha kitanda, meza, kiti na cherehani tu, lakini ilionekana kama hatafika.

"Umeumia mguu?" mchumba wake akamnong'oneza.

"Nyamaza."

Hapo maziwa ya chai yakachemka jikoni na kuanza kumwagika. Jemedari akamsahau shangazi na nyonga zake za kujifanya. Kufumba na kufumbua alikuwa jikoni, jiko amelizima. Aliporudi alimkuta mama amesimama.

"Miguu hiyo naijua," mama akasema. "Ndiyo iliyopanda na mkoba wangu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe, nilikuwa na skrubu mdomoni."

"Na hapa uliingia unatembea vile kwa nini?"

Jemedari akatazama chini. "Ili unione mwanamke, mama."

Mama akacheka mpaka akashika cherehani asianguke. "Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Kumbe na hatua zake."

Alipotulia, akamwonyesha mwanawe kwa kidevu. "Huyu unayemwona, tangu abalehe watu wakimwona kwa nyuma wanamwita dada. Baba yake akawa anamtembeza uani kila jioni, bega hivi, kiuno hivi, mpaka mtoto akawa hataki kutoka nje. Nikamwambia mume wangu, mwache, si anafika anakokwenda? Sasa sitaki mtoto wa watu afundishwe kutembea kwa ajili yangu."

Machozi yalimtoka Jemedari, na alikuwa na furaha.

"Halafu nilikuombea mke mwema," mama akaongeza, akimpima mwanawe kwa macho. "Naona amepatikana. Anajua na kushona."

Baadaye wakamsindikiza mama kwa dada yake, mtaa wa pili, ambako angelala. Fundi cherehani ndiye aliyebeba mkoba. Walipopita genge la matunda, muuzaji akapaza sauti nyuma yao.

"Mama, mwambie huyo kijana wako mrefu abebe mkoba. Mbona anamwachia dada yake?"

Mama hakugeuka wala hakumsahihisha. Aliuchukua mkoba mkononi mwa mwanawe, akampa Jemedari.

"Umesikia, mwanangu? Beba, twende."

Jemedari akautundika begani na kutangulia kwa hatua zake zile zile, na wale wawili ikabidi wakaze mwendo.