Kisahani Chini ya Kopo

Mama alipofariki, nyumba yetu ya Kabondo ilijaa watu, na kila mmoja alikuja na kiu yake. Kwa ukoo wa papa, baba yangu, mtu hanywi peke yake matangani: tone la kwanza ni la marehemu, linamwagwa kwenye udongo. Lakini sakafu ya salon, sebule yetu, ni ya sementi, na mama alikuwa mkali sana kwa sementi yake. Wazee wakatazama huku na huku, wakaona kwenye kona, chini ya picha yake, kopo la maziwa ya unga lenye mmea. Wakamwaga humo.

Mmea huo mama aliuleta kutoka Bafwasende alipoolewa. Majani marefu, magumu, yamesimama wima, yana ukingo wa manjano. Kwa Kifaransa unaitwa ulimi wa mama mkwe. Mama alisema ni uongo mtupu, maana huu unajua kunyamaza. Hauombi jua, hauombi mbolea. Alichomeka kidole kwanza, na maji aliupa pale tu udongo ulipokauka hadi chini. "Huu ukiupenda sana unakufa," aliniambia. "Uuache na mambo yake."

Matanga yakaisha, viti vya kukodi vikarudi kwa wenyewe, nikabaki na papa. Lakini udongo uliendelea kulowa.

Nikichomeka kidole asubuhi, maji. Kesho yake, maji tena. Mimi siupi, na papa tangu nimjue hajamwagilia hata bustani ya mchicha. Nasema wazi, niliogopa. Mama alikufa na kiu. Hospitalini, akingoja kupasuliwa, aliomba maji asubuhi nzima, muuguzi alikataza, ndivyo inavyotakiwa, na papa, aliyekaa na chupa mapajani, akamwambia, "Vumilia kidogo, mama ya batoto." Walipomtoa kule ndani alikuwa amefunikwa uso. Sasa mtu aniambie, udongo unaolowa wenyewe chini ya picha yake, ningeuelewa vipi? Nilianza kupita kona ile upesi, uso pembeni. Redio niliiacha ikilia jikoni mchana kutwa.

Halafu jani moja likalainika shinani, likaanguka, likanuka kama muhogo uliosahauliwa majini. Hapo hofu ikawa hasira. Marehemu gani huyo anayeozesha mmea wake mwenyewe? Siku hiyo sikwenda sokoni. Nilijibanza nyuma ya pazia la mlango wa chumba changu, nikachungulia.

Papa alimaliza lituma yake ya ndizi za kuponda, akajimiminia maji, akanywa nusu. Akainuka na kikombe, akainama pale konani. "Kunywa, mama ya batoto," akasema. "Sasa hakuna mutu wa kukatala." Akamimina polepole mpaka tone la mwisho, kisha akaenda kulala usingizi wake wa mchana.

Ningemwambia nini? Kwamba kwanza alimnyima, na sasa anamuua kwa kumpa? Mimi mdomo wangu una makali, muulize jirani yeyote, lakini siku hiyo mikono ndiyo iliyofanya kazi. Nilichukua msumari na jiwe nikatoboa kitako cha kopo, nikatoa udongo uliooza, nikatia mchanga, nikaweka kisahani chini yake. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa kila siku, papa akiwa bado amelala, nikayatupa nyuma ya nyumba. Akiamka anachungulia kisahani, anakikuta kikavu, uso wake unatulia. "Iko nakunywa yote," ananiambia. Ndiyo, papa. Na mmea ukapona, ukachomoza hata jani jipya.

Siku moja nilivuka mto kwenda Lubunga kutafuta muhogo wa bei nzuri, mvua ikanikamata huko, pirogi zikakataa kuvuka. Niliporudi, nguo zimenigandia mwilini, nilimkuta papa amekaa sakafuni mbele ya kisahani. Kimejaa maji ya kahawia mpaka ukingoni. Chakula chake kimefunikwa, hajakigusa.

"Leo anakatala," akasema. "Maji yangu, anayakatala."

Maneno yote yalinijia mdomoni: msumari, mchanga, mizizi iliyooza, papa uache jamani. Kisha nikaona kikombe kitupu alichokuwa bado amekishika kwa mikono miwili. Nikapiga magoti, nikachukua kisahani, nikanywa. Yalikuwa na ladha ya kutu. Papa alinitazama mpaka nikamaliza, akanipangusa kidevu kwa kiganja chake.

"Ulikuwa na kiu sana," akasema. "Unisamehe."

"Nimekunywa, papa ya batoto," nikamjibu, na sauti ile sikuitambua.

Akafunua chakula, akala. Tangu siku hiyo papa haugusi tena mmea, nao unastawi kwenye kona yake. Nusu ya kikombe ananiletea mimi. Anasimama hapo mpaka nimalize.