Boga Lenye Sura ya Almira

Orrin Pettengill alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliwapa ng'ombe wake. Kwa watu alisema kwa kisu. Kila Oktoba, majani yakianza kupukutika kwenye vilima vya Vermont, alichagua boga moja kubwa shambani kwake, akalichonga sura ya mwanakijiji aliyefanya upuuzi kuliko wote mwaka huo, kisha akalikalisha juu ya nguzo ya geti lake na mshumaa ndani. Miaka thelathini sasa. Mchungaji aliwahi kukaa pale wiki mbili nzima kwa kusahau harusi ya watu na kwenda kuvua samaki. Hakuna aliyelalamika waziwazi, ila Septemba ikiingia, kijiji kizima kilikuwa na adabu isiyo ya kawaida.

Mwaka huu Orrin hakuwa na hamu ya kumcheka mtu. Almira Tuttle, mjane wa nyumba ya pili, alikuwa anahama. Binti yake Doreen alimtaka akakae naye Florida, ambako hakuna theluji wala kuni za kupasua, na lori la kubeba vyombo lilikuwa lije Jumamosi. Kwa miaka sita, tangu wote wawili wafiwe na wenzi wao, walisaidiana kazi za kuipokea baridi: Orrin anapasua kuni, Almira anazipanga, Orrin anakusanya majani kwa reki, Almira anamwambia amekosea. Orrin alitaka abaki. Lakini kila alipofungua mdomo amwambie, zilitoka habari za kuni.

Basi akafanya alichokiweza. Alichukua boga zuri kuliko yote, akajifungia nalo jikoni siku mbili, akachonga ile pua ndogo, yale macho ya udadisi, hata kile kishimo cha shavuni kinachojitokeza Almira akijizuia kucheka. Kwake yeye ile ilikuwa barua ya mapenzi. Alhamisi asubuhi akalipandisha kwenye nguzo, kisha akaenda nyuma ya nyumba kuona haya peke yake. Mtu mzima na mvi zake, hakukumbuka hata kidogo kwamba kwa kijiji, kukaa juu ya nguzo ile ni kuhukumiwa.

Saa nne watu walikuwa wamejaa getini.

"Almira naye kafanya nini?" aliuliza Dwight, mwenye duka.

"Si ile pai ya tufaha aliyoleta kanisani," alisema Bernice, mpiga kinanda. "Eti kapika mwenyewe. Boksi lake nililiona kwenye takataka, nikanyamaza."

"Pai tu?" alidakia jirani mmoja. "Mimi nilijua ni ule uzio wako, Dwight. Alirudi nyuma na gari, akaulaza chini."

"Kumbe ni yeye? Mwaka mzima nimewalaumu kulungu."

Kabla ya saa sita, makosa ya Almira ya miaka sita yote yalikuwa hadharani, na Orrin hakuwa akilijua hata moja.

Almira alipofika, Orrin alikuwa juu ya paa akizoa majani kwenye mifereji. Hakumsalimu. Aliishika ngazi, akaiondoa, akailaza kwenye nyasi.

"Haya, mzee. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Bernice ananiita mwongo wa pai, Dwight anataka nimjengee uzio. Si ungengoja nifike Florida ndiyo uniaibishe?"

"Kuni zako zimekauka vizuri," alisema Orrin.

"Orrin."

"Theluji mwaka huu itawahi."

"Utalala huko huko, nakwambia."

Getini watu walisogea ili wasikie vizuri. Orrin aliwatazama, akatazama majani machafu mkononi mwake, akaona hana pa kukimbilia. Wanaume wa vilima vile ndivyo walivyo, husema ukweli wakiishiwa njia ya kushukia.

"Hakuna ulichokosea," alisema. "Nilitaka nibaki na sura yako ukishaondoka. Halafu asubuhi hii nikakumbuka boga linaoza. Almira, sitaki uende."

Almira alikaa juu ya ile ngazi iliyolala. Alijishika shavu.

"Miaka sita," alisema. "Miaka sita unanihadithia kuni."

"Ndiyo."

Akanyanyuka, akaingia jikoni kwa Orrin bila kumrudishia ngazi. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo kijiji chote kilimsikia akipiga simu.

"Doreen, mwanangu, waambie wenye lori wasije. Hapana, siumwi. Nitakuja Februari kukusalimu, nitakuja na mtu. Ndiyo, huyo huyo wa maboga. Hapana, hajanywa. Yuko juu ya paa."