Meno Yaliyorudi Mara Tatu

Jumatano, tarehe 12 Novemba 1997. Mvua ilinyesha tangu alfajiri bila kupumzika, na udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa ukivua watu viatu. Siku hiyo meno ya Rebecca Kuntai yalirudi kwa Mulei mara ya tatu.

Mulei alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alipanga chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Alifanyia kazi humo na kulala humo. Daktari Nalianya wa Kajiado, ambaye mimi nilikuwa karani wake, alichukua vipimo vya midomo ya wagonjwa, nami nikavifunga kwenye sanduku na kuvituma kwa gari la maziwa. Baada ya siku chache sanduku lilirudi na meno. Kwa miaka sita sikuwahi kumwona Mulei, wala yeye hakuwahi kumwona hata mgonjwa mmoja. Aliwajua watu wa Kajiado kwa sanamu za plasta za vinywa vyao tu. Aliweza kukuambia huyu hutafunia kushoto, huyu husaga meno usingizini, lakini akikutana nao barabarani aliwapita kama miti. Hakuwa na mke. Dereva wa gari la maziwa ndiye pekee aliyebisha mlango wake, naye hakuzima injini.

Safari hii sandukuni mlikuwa na barua ya daktari: "Mulei, meno yako yanacheza ngoma ya isukuti mdomoni mwa mama wa watu. Yakirudi tena, kazi zangu zote nitazipeleka Nairobi."

Mulei aliyaweka meno juu ya sanamu. Rebecca alikuwa amebaki na meno manne tu chini, yote ya mbele. Mawili ya katikati yaling'olewa utotoni kwa desturi ya Wamaasai, na ya nyuma yote yaliondoka moja moja kwa maumivu. Juu alikuwa nayo karibu yote. Mulei alijua kwamba taya hupata kituo chake pale magego ya juu yanapokutana na ya chini. Mguso huo ndio unaozuia jino lisiteremke wala kulala upande, na yote yakigusana pamoja, mdomo hujua mahali pa kufumba. Asiye na magego, taya lake huelea. Alipitisha karatasi ya kaboni kati ya sanamu, akazifunga, akahesabu madoa ya bluu: sita kulia, sita kushoto, yenye rangi sawa. Kwenye plasta hapakuwa na kosa. Basi kosa lilikuwa mahali ambapo yeye hakuwahi kufika.

Ijumaa alivaa koti akaja Kajiado.

Nilimtambua kwa plasta iliyokauka kwenye kucha zake. Alisimama karibu na ukuta kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Nilimwonyesha Rebecca, aliyekuwa kwenye benchi akinywa chai.

"Takwenya, yeyo," Mulei akamsalimu kama mama yake, na Kimaasai chake kikaishia hapo.

"Iko," akaitikia. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye natengeneza meno yako."

Rebecca alimtazama kutoka kichwani hadi viatu vyenye matope. "Kumbe uko! Umeshika meno yangu mara tatu na hujanisalimia hata siku moja. Hiyo meno yako inaruka kama panzi. Ni mimi naitafuna ama ni yenyewe inanitafuna?"

Benchi zima likacheka. Mulei hakujua aweke wapi uso wake, lakini macho hayakuondoka kwenye kidevu cha Rebecca. Kila alipomeza chai, kidevu kilirudi nyuma, unene wa ukucha. Kwenye sanamu kilikuwa mbele.

Ndani, daktari aliinama na nta yake ya kuchukulia alama za meno. "Fumba, mama."

Kidevu kikasogea mbele. Mulei akakohoa.

"Daktari, hapo sipo. Yeyo, kwa nini unasukuma taya?"

Rebecca alimtazama kama mtu anayeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Kijana wa watu ameinama mpaka mgongo unamuuma. Si nimletee taya karibu, asisumbuke?"

"Mara zote tatu?" daktari akauliza.

"Zote. Mimi niko na heshima."

Mulei alimwomba akunje ulimi, ncha iguse nyuma juu ya kaakaa, ameze mate, ndipo afumbe. Taya likarudi mahali pake. Nta ikapata alama mpya.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 21, Mulei alileta meno kwa mkono wake. Kaboni ilitoa doa kubwa upande wa kulia. Alilisaga kidogo, akapima, akasaga tena, mara nane, mpaka pande zote mbili zikagusa kwa nguvu moja. Tulimpa Rebecca hindi la kuchoma. Alitafuna upande huu, akatafuna upande wa pili. Meno yalitulia. Akainuka akatoka akiwaita wenzake waje waone, na hakukumbuka kumuaga fundi.

Mulei alisimama dirishani akimtazama anavyotafuna hadi alipopotea sokoni.

"Huwa wanarudi kusalimia?" aliniuliza.

"Wakiumwa," nilimjibu. "Wakipona hawaji."

Alitikisa kichwa polepole. Daktari alitoka akamkabidhi sanduku jingine. Hakutaja Nairobi tena. Juu ya sanduku nilikuwa nimeandika jina la mgonjwa: Githinji, bucha, Isinya.

Kesho yake asubuhi mvua ilikuwa bado inanyesha. Mulei alilifungua sanduku mezani, akasoma lile jina, na hakuchanganya plasta. Alifunga chumba, akaenda Isinya kuulizia bucha ya Githinji.